Kusimulia maisha yako: kitabu, sauti, video au utenzi?

Mtu akipata wazo la kusimulia maisha yake, swali la kwanza huwa la chombo. Niandike kitabu? Nifungue chaneli? Nitafute maiki nzuri? Swali hilo lina utamu wake, maana linamruhusu mtu kuzunguka madukani na kuahirisha kukaa na jambo lenyewe. Lakini chombo hakichaguliki mpaka ujue unamwambia nani, na unamwambia nini. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na aina tatu za ujumbe, kisha unakuja kwenye vyombo vinne.

Nitamtumia mtu mmoja wa mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi nchini Tanzania, mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakaingizwa kwenye ualimu enzi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana hao wakajifunza kazi huku wakiifanya, na wenye midomo wakawatania kuwa UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Mwalimu wetu ana mengi ya kusema: darasa la kwanza alilolishika, nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali, mkuu wa shule aliyemwonea, mtoto aliyemzika. Kosa ni kudhani kwamba hayo yote ni hadithi moja.

Vigezo

Kila chombo nitakipima kwa mambo matano. Anafikiwa nani? Kinagharimu nini, fedha na jasho? Wale waliomo ndani ya hadithi yako bila kuombwa wanapata nini, heri au aibu? Ukikosea, unaweza kurekebisha? Na kitakuwepo miaka 50 ijayo? Baada ya hapo nitasema kinamfaa nani. Ujumbe nitaupima kwa mambo machache zaidi: msikilizaji, unachohitaji mkononi, na mtego wake.

Kwanza ujumbe: wosia, ushuhuda, utetezi

Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: "Nataka fulani ajue kwamba…" Kama mahali pa fulani umeandika "jamii" au "watu wote", bado hujapata. Mwalimu wetu anaweza kuijaza kwa namna tatu.

*Wosia.* "Nataka wajukuu zangu wajue kwamba nyumba hii imejengwa kwa mshahara wa chaki." Msikilizaji ni wa nyumbani. Hahitaji kuelezwa shangazi ni nani wala mto uko upande gani. Mkononi unahitaji kumbukumbu tu, na ukweli. Mtego wake ni mahubiri: mzee anaanza kusimulia, dakika ya pili anakemea simu za vijana. Mjukuu anataka kujua ulikula nini siku ile, na ulilala wapi. Mfano mzuri wa wosia tunao wenyewe. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi. Anamwita akae karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo la kumwambia. Alilenga mtu mmoja, na pengine kwa sababu hiyohiyo tunausoma mpaka leo.

*Ushuhuda.* "Nataka vijana wanaosomea ualimu leo wajue ilikuwaje kusimama mbele ya darasa ukiwa na elimu ya darasa la saba." Huyu ni mgeni kwako. Anahitaji mwaka, mahali, idadi ya watoto, mshahara ulikuwa shilingi ngapi na ulinunua nini. Tafuta barua ya ajira, tafuta daftari la maandalio ya somo, muulize mwenzako mliyeanza naye. Mtego ni kujifanya ulikuwepo kila mahali. Uliyoyaona, sema uliyaona. Uliyoyasikia, sema uliyasikia. Msomaji hakuvunjii heshima kwa hilo, bali anakuamini zaidi.

*Utetezi.* "Nataka waliotucheka wajue kwamba wengi wao walifundishwa kusoma na sisi." Utetezi una haki yake, na kuna watu waliochafuliwa jina ambao hawana njia nyingine. Lakini ndio ujumbe mgumu kuliko yote. Unahitaji ushahidi, na unahitaji kuueleza upande wa pili bila kuupotosha. Mtego wake ni kujibu lawama ambayo msikilizaji hajawahi kuisikia: anakuja hana habari, anaondoka na shaka.

Aina hizi huchanganyika. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alianza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wanawe waliokulia Ujerumani. Kitabu kilipotoka mwaka 1886, kwa Kijerumani, kilikuwa pia kinabishana na Wazungu kuhusu hali ya wanawake wa Kiarabu. Wosia ukapata utetezi ndani yake. Hakuna ubaya, ila ujue upi unatangulia, maana ndio utakaokuchagulia chombo.

Kitabu

*Anayefikiwa* ni mtu mwenye subira, na mwenye lugha uliyoitumia. Hilo la pili watu hulisahau. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, alipoombwa na Mjerumani Heinrich Brode aliyekuwa Zanzibar. Maandishi yakachapishwa mwaka 1902 na 1903 katika jarida la wataalamu mjini Berlin, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Lugha ilikuwa ya kwetu, ila wasomaji wa kwanza walikuwa wa huko. Kabla hujaandika, jiulize kitabu chako kitauzwa wapi, au kitagawiwa kwa nani. Mwalimu wetu akisema "kwa walimu wenzangu", basi kitabu kimepata njia. Akisema "kwa wajukuu", ahesabu kwanza ni wangapi kati yao wanaomaliza kurasa 20 za kitu chochote.

*Gharama na jasho.* Piga hesabu. Kurasa 150 zenye maneno 300 kila moja ni maneno 45,000. Ukiandika 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu ya kwanza itakuchukua wiki 18, na hapo hujaugua, hujasafiri, hujaenda msibani. Baada ya rasimu anakuja mhariri, na mhariri usimruke. Mchapishaji akikubali mswada wako, gharama za uchapaji hubeba yeye, lakini utasubiri. Ukijichapishia, fedha ni zako na uamuzi ni wako. Kwa Tanzania, ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa. Nakala 30 za ukoo hazihitaji hata hiyo namba. Steshenari yenye mashine nzuri inatosha.

*Waliomo ndani.* Kitabu ndicho chombo chenye adabu zaidi katika hili, kwa sababu kinakupa muda. Unaweza kumpelekea dada yako sura inayomhusu kabla haijachapwa. Unaweza kubadili jina la mkuu wa shule, ingawa kijijini wote watajua ni nani. Kumbuka tu kwamba jina lililochapwa haliponi kwa kukanusha.

*Kurekebisha.* Kabla ya mashine, utarekebisha unavyotaka. Baada ya mashine, ni mpaka toleo la pili, ambalo aghalabu haliji.

*Kudumu.* Hapa kitabu kinaongoza. Hakihitaji chaji wala nywila. Peleka nakala kwenye maktaba ya mkoa na ya chuo cha ualimu, kwa sababu zilizo kabatini kwako zina mchwa wake.

*Humfaa* mwenye ushuhuda mrefu unaohitaji tarehe na sababu, mwenye utetezi unaohitaji vielelezo, na yule anayefikiri vizuri zaidi akiwa na kalamu kuliko akiwa na watu. Hakimfai mwenye haraka.

Sauti

Ninaposema sauti nina maana ya rekodi ya mazungumzo: iwe ya familia tu, iwe podikasti, iwe kipindi cha redio ya mkoani.

*Anayefikiwa* ni yeyote mwenye masikio na shughuli mikononi: anayepika, anayeendesha bodaboda, aliyekwama kwenye foleni. Bibi ambaye macho yamechoka anafikiwa. Ndugu aliye Muscat au Toronto naye anafikiwa, hata kama watoto wake wanaelewa Kiswahili cha kusikia kuliko cha kusoma. Tena sauti hubeba kitu ambacho maandishi hukiacha: lafudhi ya nyumbani, kicheko, na ule ukimya kabla ya jina la marehemu. Mwalimu wetu akiimba wimbo wa hesabu aliowafundisha watoto wa darasa la pili, hakuna aya itakayofanya kazi hiyo.

*Gharama na jasho.* Simu ya kawaida inatosha kuanza. Chagua chumba chenye mapazia na godoro, mbali na barabara, na si chini ya bati siku ya mvua. Faili la MP3 la kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde lina karibu nusu megabaiti kwa dakika, hivyo nusu saa ni kama megabaiti 15; bando la mtu wa kawaida linaihimili. Jasho liko kwenye kukata na kuunganisha, kazi ambayo huchukua muda mrefu kuliko mazungumzo yenyewe.

Jambo moja linalosaidia kuliko maiki ya bei: usizungumze peke yako. Marekani kuna mradi uitwao StoryCorps, ulioanzishwa mwaka 2003 na Dave Isay, ambao huwakalisha watu wawili wanaofahamiana na kuwarekodi kwa dakika 40. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Siri ya mradi huo ni kwamba anayeuliza ni mtoto, mke au rafiki, si mwandishi wa habari. Mjukuu akiuliza "Babu, uliogopa?" hutajibu kwa hotuba. Utamjibu yeye.

*Waliomo ndani.* Hapa pana hatari. Mdomo una mbio kuliko kalamu, na katika joto la mazungumzo jina la aliyekuonea litatoka lenyewe. Sikiliza rekodi yote kabla hujaituma kwa mtu. Ikishaingia kwenye kundi la ukoo, imetoka kwenye ukoo.

*Kurekebisha.* Unaweza kukata; kupamba huwezi. Sentensi mbovu itabaki mbovu au itatoka yote. Wengine wanaona hilo ni kasoro, mimi naona ni uhuru: hakuna anayetarajia mzee aongee kama gazeti.

*Kudumu.* Sauti ya Siti binti Saad, iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 kwenye santuri, bado inasikika. Kaseti za harusi za jana tu hazisikiki. Tofauti ni utunzaji. Rekodi iliyo kwenye simu moja huondoka na simu hiyo. Iweke sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi ya ndugu mwingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha andika jina la mzungumzaji, mahali na tarehe ndani ya jina la faili. Faili linaloitwa "Audio 0047" limeshazikwa.

Uzuri mwingine ni kwamba sauti haifungi mlango wa kitabu. Wanawake watatu wa Mombasa waliohojiwa miaka ya 1970 na watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel walizungumza tu. Mazungumzo yao yakaja kuwa kitabu cha Kiingereza mwaka 1989, kisha cha Kiswahili mwaka 1991. Njia ya kinyume, kutoka kitabu kwenda sauti, ipo pia, lakini mtu anayesoma alichoandika husikika anasoma.

*Humfaa* mwenye wosia, mwenye umri mkubwa, asiyependa kuandika, na yule ambaye hadithi yake ina watu wanaozungumza zaidi ya mambo yanayoelezwa.

Video fupi

*Anayefikiwa:* vijana na wageni, wengi na kwa haraka. Lakini hujui ni nani, na programu ndiyo inayoamua nani aione. Hilo linaufaa ushuhuda wa jambo moja. Wosia haulihitaji.

*Gharama na jasho* hudanganya. Kurekodi ni dakika. Kutengeneza ni siku. Kituo cha StoryCenter cha Berkeley, California, ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha watu wa kawaida kusimulia maisha yao kwa video, huwafundisha kuandika maneno machache, takriban 250 hadi 350, yasomwe juu ya picha za zamani kwa dakika mbili tatu. Njia hiyo inafaa mno kwetu, kwa sababu huhitaji kamera ya kifahari. Picha ya pasipoti ya mwaka 1977, cheti kilichokunjwa, jengo la shule lilivyo leo, na sauti yako. Mwalimu wetu ana hadithi moja tu ya kutosha hapo, labda siku ya kwanza darasani. Akijaribu kutia miaka 40 itakuwa orodha ya vyeo.

*Waliomo ndani.* Uso hauna jina la kubadili. Picha ya darasa la mwaka 1981 ina watoto 40 ambao sasa ni watu wazima na hawakukuruhusu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini hata bila sheria, kuuliza ni ustaarabu. Ukifungua chaneli ya umma ukiwa Tanzania, soma pia kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazotumika sasa, maana tangu zilipotoka mwaka 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja.

*Kurekebisha:* unaweza kuifuta kwako, lakini huwezi kuifuta kwa walioipakua. Na maoni chini yake yatakuja, mengine ya kejeli. Utetezi ukiwekwa hapa hugeuka ugomvi kabla ya jua kuzama.

*Kudumu:* kama sauti, ila faili ni kubwa zaidi na watu hulipoteza upesi zaidi. Hali ya WhatsApp hukaa saa 24 tu. Hifadhi faili la asili kwako.

*Humfaa* mwenye tukio moja, picha kadhaa, na ngozi ngumu.

Utenzi

Wengine watashangaa kukiona chombo hiki kwenye orodha. Mimi ningeshangaa kisipokuwepo, kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho muda mrefu kabla ya hivyo vingine.

*Anayefikiwa:* watu wachache, lakini wanaondoka nacho kichwani. Utenzi husomwa kwa sauti, kwenye arusi, kwenye kuaga mstaafu, hata kwenye arubaini. Nje ya wanaojua Kiswahili vizuri haufiki.

*Gharama na jasho:* fedha hakuna, jasho lipo. Kila mshororo mizani nane, mishororo minne kwa ubeti, mitatu ya mwanzo ikikubaliana kina, na wa nne ukibeba kina kinachorudi mpaka mwisho. Mwalimu wetu angeweza kuanza hivi:

Mwaka sabini na saba
nilibebeshwa mkoba,
chaki na vitabu haba,
shuleni nikaingia.

Beti 60 za namna hiyo ni maisha kamili, na zinasomwa ndani ya dakika 15 hivi.

*Waliomo ndani:* hapa utenzi unashinda vyote vitatu. Ushairi umezoea mafumbo. Aliyekuonea utamwita "mwenye funguo" na mwenyewe atajijua. *Kurekebisha:* ni rahisi, mpaka watu waukariri. *Kudumu:* ukikaririwa unadumu, usipokaririwa unahitaji karatasi kama vingine. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kina hushawishi. Utajikuta umesema mvua ilinyesha kwa sababu tu ubeti ulihitaji -sha. Kwa ushuhuda unaotaka tarehe na hesabu, hilo ni tatizo la kweli.

*Humfaa* mwenye wosia, mwenye sikio la mizani, na mwenye jambo lisilosemeka wazi.

(Kanga nayo ni chombo, kwa jambo la sentensi moja. Unamwambia jirani mbele ya mtaa mzima, na akikuuliza unasema uliipenda rangi.)

Kuchanganya

Hulazimiki kuchagua kimoja. Shaaban Robert alipoandika maisha yake alitumia nathari kwa safari na kazi, lakini ya kumwambia binti yake aliyaweka kwenye utenzi, na ya mwanawe kwenye utenzi mwingine. Mkewe alipofariki, alimlilia kwa shairi. Kila ujumbe aliupa chombo chake ndani ya jalada moja. Mwalimu wetu anaweza kurekodi sauti kwa wajukuu, kuchukua tukio moja akalifanya video ya dakika tatu kwa walimu vijana, na la mtoto aliyemzika akalitungia beti chache asizomwonyesha mtu.

Kwa hali yako

Kama msimuliaji ni mzee au mgonjwa, rekodi sauti wiki hii, na muulizaji awe mtu anayempenda. Mengine yatafuata yakifuata.

Kama una ushuhuda wa jambo lililowagusa wengi, kama UPE, kuhamia vijiji vya ujamaa au kufungwa kwa kiwanda, na una nyaraka, nenda kwenye kitabu. Huna nyaraka lakini unakumbuka vizuri? Sauti, halafu watafute wenzako nao warekodiwe.

Kama wajukuu wako nje na Kiswahili chao ni cha kusikia, sauti inatangulia; tafsiri fupi ya maandishi unaweza kuiambatanisha.

Kama ni tukio moja lenye picha, na uko tayari kutazamwa na usiowajua, tengeneza video.

Kama jambo lenyewe ni chungu na wahusika bado mnasalimiana, chagua kati ya utenzi na daftari usilomwonyesha mtu.

Na kama ni utetezi, andika kwa mkono kwanza, mpe asome mtu mmoja asiyekuwa upande wako, na umwulize lawama ipi alikuwa haijui kabla ya kusoma. Hiyo itoe.